Bomba la Bwana Peterson

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, Mkikuyu aliyeishi Nakuru bila barua ya mwajiri alikuwa mzigo wa lori tu. Askari walipita mtaa wa Bondeni nyumba kwa nyumba, na asiye na barua ya mwezi huo alipakiwa yeye na watoto wake, akapelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Kinyanjui, fundi wa mabomba, alizaliwa Njoro, kwenye shamba la mzungu. Huko rizavu hakuwa na hata mahali pa kuchimbiwa kaburi. Na mkewe Wachuka, mama wa binti yao Wangare, alikuwa na mimba ya miezi sita.

Barua ya Kinyanjui iliandikwa na Bwana Peterson, mzungu wa kule Milimani, na iliandikwa kwa sababu moja tu: choo. Kila baada ya wiki mbili choo cha nyumba ile kiliziba, uchafu ukafurika mpaka bafuni, memsabu akapiga kelele, Kinyanjui akaitwa. Alikuja na mianzi yake iliyopasuliwa, akaiunga mmoja kwa mwingine, akaisukuma ndani ya bomba huku amelaza sikio chini. Makokha, mpishi, alivuta mnyororo wa choo ndani ya nyumba. Kinyanjui alisikiliza maji yanakwama wapi, akazungusha mwanzi, akavuta. Kila mara ilitoka mizizi, mirefu, inanuka. Mkaratusi ambao bwana aliupanda kwa mkono wake ulikuwa umepenya viungo vya bomba. Mara nne Kinyanjui alimweleza. Mara nne aliambiwa afunge mdomo, mti hauguswi.

Halafu bafu likafurika siku ambayo memsabu ana wageni. Peterson alitoka nje uso umemwiva.

"Wewe Kinyanjui, hii choo nafunga tena, barua hapana. Nasikia?"

Kinyanjui alisikia vizuri sana: choo kikiziba tena, barua hakuna. Nyuma ya jikoni Makokha akamtilia chai, akamwonya.

"Fundi, toa mizizi kidogo kidogo tu kama kawaida. Huyu mtu anakuandikia barua kwa sababu ya mavi yake. Yakiacha kuziba, wewe utakuwa wa nini kwake?"

"Na yakiziba tena mwezi huu?"

Makokha akanywa chai yake.

Basi Kinyanjui, maskini ya Mungu, akaomba mabomba mapya na saruji, akapewa. Alichimba mtaro uliouzunguka mti kwa mbali, siku tisa, peke yake, uchafu wa watu umemfika magotini. Kila kiungo cha bomba jipya alikifunga kwa saruji, akakipapasa kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba. Tuseme ukweli, hakikuwa kitisho peke yake kilichomtuma. Aliona fahari. Jioni ya siku ya tisa alimwambia mkewe, "Mama Wangare, mtu akiona kazi kama ile hawezi kunitupa." Wachuka akamwamini, na hapo ndipo panapouma zaidi.

Mwezi wa kwanza choo kilikuwa shwari, na Peterson akaandika barua bila neno. Mwezi wa pili, shwari vilevile. Ulipokwisha, Kinyanjui alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akapanda Milimani. Bwana alikuwa barazani, mchangamfu, miguu juu ya kiti.

"Barua ya nini? Miezi miwili choo hapana funga. Hapa kazi yako kwisha."

"Bwana, mke wangu anakaribia kujifungua. Safari ya lori itamuua."

"Hiyo si shauri yangu."

Kisha akainuka, akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. "Lakini wewe fundi mzuri. Mzuri kabisa."

Makokha aliyasikia yote dirishani. Aliinamisha kichwa akaendelea kumenya viazi, kwani yeye pia alikuwa na kazi yake ya kulinda.

Kinyanjui alimkuta Wachuka amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Amekupa?"

"Amenisifu," akasema Kinyanjui.

Wachuka akaingia ndani, akaanza kufunga vyombo.