Pole kwa Kufaulu

Tulipokuwa kidato cha nne, mwalimu wa taaluma aliingia darasani akataka kila mmoja asimame na kutaja mchepuo anaoutaka kidato cha tano. Alisema hapendi watu wa kujificha. Wengi walitaja historia na jiografia, maana huko ndiko walikotokea maofisa. Wachache wakataja fizikia, kwa sauti ya kujikaza. Zamu yangu ilipofika nikasema kemia, baiolojia na kilimo, na darasa zima likacheka. Rafiki yangu wa dawati moja, ambaye tulikuwa tumeahidiana kuchagua historia pamoja, hakucheka. Aliinama akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Nilikuwa na sababu yangu, na mpaka leo naiona nzuri. Kwetu, upande wa Matai, mvua zikikaribia kwisha watu hukusanya majani na kuyafukia, yakawa matuta makubwa ya mviringo tunayoyaita intumba. Majani huozea humo, na msimu ukija tuta hutawanywa, mazao yakapandwa juu yake. Nililima intumba kabla sijajua kusoma, na kila mara nilimwuliza mama majani yanageuka nini kule ndani. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Tulikuta hivyo. Lima." Basi mimi nilitaka kujua, na sikuona kosa liko wapi.

Mama alikuwa hana mtu ila mimi. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tulipewa nyumba ya mwisho kwenye mstari. Mikutanoni sote tuliitikia kwamba siasa ni kilimo, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini mzazi mwenye mtoto sekondari alimwomba Mungu mtoto huyo asishike jembe tena.

Majina yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa shule ya mkoa wa mbali. Nilimkuta mama akipepeta ulezi, nikamwambia nimepata, naenda kusoma kilimo.

Akaweka ungo chini. "Nani amekufelisha?"

"Sijafeli, mama. Nimechagua mwenyewe."

"Kulima nilikufundisha mimi," akasema, "na cheti sina."

Jumapili, baada ya misa, wanawake walimzunguka nje ya kanisa. Pole, mama. Ndiyo dunia. Mitihani ya siku hizi nayo migumu. Jirani yetu alikuja hadi nyumbani na unga kwenye kikapu, kama anayekuja msibani. Nilikuwa nimesimama pale pale, mzima, nimefaulu kuliko wasichana wote wa darasa letu. Nilimtazama mama nikingoja aseme neno moja tu, kwamba huyu hajafeli. Akapokea kikapu kwa mikono miwili. "Asanteni. Tumeshapoa."

Kile kicheko cha darasani nilikisahau siku hiyo. Hili liliniuma zaidi, na nilikuwa na hasira. Siku zilizobaki tulikula kutoka sahani moja, kila mmoja upande wake.

Niliondoka kwa lori la mfanyabiashara wa mjini lililokuja kuchukua mahindi. Mama alinisindikiza hadi barabarani, mkononi ana kitu kirefu amekifunga kwa kitenge. Lilikuwa jembe lake, mpini umelainika kwa miaka ya viganja vyake, bapa limelika upande mmoja.

"Usifike ugenini ukaanza kuazima majembe ya watu," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba shule ina majembe yake, tena ina trekta. Dereva akapiga honi. Nikapanda juu ya magunia, na mama akageuka kurudi kabla lori halijaondoka.

Wenzangu bwenini walinitania kwamba nimekuja na mchumba. Jembe likalala chini ya kitanda. Hakuna aliyejua Kifipa, na nilikaa wiki nyingi bila kusikia mtu akinisalimu kwa lugha ya nyumbani. Siku mwalimu alipoeleza jinsi majani yanavyooza, nani anayala humo udongoni na anaacha nini, niligeuka upesi nimwambie mtu. Waliokuwa karibu nami walikuwa wakinakili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona intumba. Nikalihifadhi jibu lile nimpelekee mama.

Likizo ilipokuja mvua zilikuwa zinakwisha. Nyumbani sikumkuta mtu, nikachukua jembe lile nililorudi nalo kutoka shule nikaenda shambani, jibu likiwa tayari mdomoni. Jirani yule wa kikapu alikuwa akilima. Mama alikuwa ameketi ukingoni, mikono mapajani, na kando yake majani aliyokwisha kuyakusanya.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nangoja mwenzangu apumzike, nilime kidogo."

Jirani akanyoosha mgongo. Alinieleza kwamba duka la kijiji halijaleta majembe tangu nilipoondoka, na kwamba lile lake wanapokezana. Mama akamwambia anyamaze.

Nikamkabidhi jembe. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye bapa, akalitazama upande ule uliolika, kisha akanitazama mimi kwa huruma ile ile ya wale wanawake wa kanisani.

"Mbona lina kutu?" akauliza. "Hawakukupa shamba?"