Mwizi wa Jumamosi

Tangu Ijumaa roho ya Taimane ilikuwa juu juu. Yeye ndiye mtunza mtandao wa kijiji chao Samoa, na ripoti ilionyesha kila Jumamosi asubuhi data kibao ikitoka kwenda Auckland. Mwongozo wa programu ulisema tarehe ni za hapa. Na Jumamosi kijijini hakuna kinachorushwa. Basi huyo ni mwizi wa mtandao, akamfungia njia.

Jumapili, ibadani, simu ikatetemeka. Ujumbe wa shangazi yake, Auckland: “We mtoto, leo kanisa hatulioni. Skrini nyeusi tii.”

Kumbe data ile ilikuwa ibada yao, ikirushwa kwa ndugu wa Auckland. Mwongozo uliongopa: ripoti ilikuwa bado na tarehe za zamani, za kabla ya mwaka 2011, Samoa ilipobadili kalenda yake na kuruka siku moja mbele. Ikiandika Jumamosi, hapa ni Jumapili.

Kule mbele mchungaji aliitazama kamera, akamshukuru Taimane kwa kuwaunganisha na ndugu zao.