Mdudu wa Kisima cha Mbuchi

Mdudu mdogo kama punje ya kunde huondoaje chumvi kwenye maji? Nilijiuliza mchana ule wa utotoni. Bahari ilikuwa imeingia kisimani kwetu Mbuchi, na uji wa Bibi haukumezeka.

"Alipo mdudu huyu, maji hayana chumvi," Bibi alisema, akinionyesha mdudu mweusi aliyeng'aa dimbwini, kwenye shamba la mpunga. Nikamchota kwa kifuu, nikapita naye kwenye harufu ya tope la mikoko, nikamtia kisimani atufanyie kazi.

Asubuhi hakuwepo.

"Umemlisha chumvi, mke mwenzangu, kafa huyo!" Bibi alicheka, akinitania mjukuu wake. Nililia hadi kwikwi.

Juzi, miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu Mzungu alifunua gamba la mdudu kama yule. Chini yake zilikuwa zimekunjwa mbawa: maji yasipomfaa, huruka usiku kutafuta mengine.