Kupima Wazima Kwenye Foleni ya Busisi

Siku yangu ya kwanza kazini, maabara ya hospitali, sikugusa hata darubini. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu aliyefunga vifungo vyote vya koti lake, alinipa taa ya spiriti, kichupa cha mkojo na dawa ya buluu. "Binti, chemsha hivi, uniambie unaona rangi gani."

Enzi hizo sukari tuliitafuta kwenye mkojo. Ukiuchemsha pamoja na dawa ile na rangi ikabaki buluu, hakuna kitu. Ikienda kijani au manjano, sukari ipo. Ikiwa nyekundu kama tofali, ni nyingi mno. Yangu ilitoka tofali. Nikauliza mwenye mkojo ni nani.

"Yuko wodini. Kesho anakatwa mguu," alisema. "Wengi hutufikia wakiwa wameshachelewa."

Nilikaa hospitali ile ya mjini miaka mingi, hadi vikaja vipimo vya kuchoma kidole na stripu, kipande chembamba kinachopokea tone la damu. Kisha nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, wakati watu bado wanavuka kwa kivuko. Mkubwa wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mchapakazi lakini mgumu kutoa vifaa.

Huko nilimfahamu Kabula, aliyekaanga samaki pale kivukoni. Mimba yake ilipokuwa kubwa, sukari ilipanda. Tulihangaika naye hadi akajifungua salama mtoto mkubwa kweli, na mama mkwe wake, Bibi Milembe, akapiga vigelegele wodi nzima ikasikia. Baada ya uzazi sukari ilishuka. Nilimwambia arudi baada ya wiki sita, halafu awe anapima kila mwaka, kwa kuwa aliyepata sukari ya mimba ni rahisi kupata kisukari baadaye.

Hakurudi. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea nilipomfuata Kabula kwenye karai lake la samaki.

"Mama mkwe anasema nilishapona," alinijibu kwa sauti ya chini. "Nikija kituoni siumwi, watasema natafuta ugonjwa."

Nikatazama foleni ya kivuko. Madereva wenye vitambi, wafanyabiashara wenye presha, kina mama kama Kabula, wote wamekaa tu wakisubiri zamu ya kuvuka. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi.

"Stripu ni za wagonjwa," alisema. "Wewe unataka kupima wazima?"

"Mganga, mgonjwa anakuja mwenyewe. Asiyejijua nani amfuate?"

Akafungua kabati. "Chukua boksi moja. Pima wanene, wenye presha, wenye ndugu wa kisukari, waliopata sukari ya mimba. Likiisha hujampata mtu, usinirudie."

Asubuhi nikaweka meza kivukoni. Hakuna aliyesogea. Dereva mmoja akapaza sauti, "Daktari, hiyo damu unaenda kuuza wapi?" Watu wakacheka. Ndipo nikamwona Bibi Milembe anakuja, amekaza kanga kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unamwambia mkwe wangu ana kisukari?"

"Sijui kama anacho, bibi. Ndiyo maana nataka kumpima."

"Basi nianze mimi. Mimi mwembamba, nalima mwenyewe. Nikiwa sina, umwache mtoto wa watu akaange samaki wake."

Niliogopa. Akitoka salama, Kabula nimempoteza. Nikamchoma kidole, na kipimo kikasoma sukari ya juu sana. Nikamvuta pembeni, mbali na masikio ya watu.

"Bibi, unasikia kiu?"

Alifikicha macho. "Nakunywa maji kama ng'ombe. Na macho yameingia ukungu. Nilidhani moshi wa samaki."

Nikamwambia aje kituoni kesho yake kabla ya kula chochote, tuhakikishe. Akageuka, akaita, "Kabula! Na wewe kesho usinywe chai!"

Walikuja pamoja. Bibi alikuwa na kisukari, akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Kabula alikuwa katikati: sukari imepita kawaida, haijafika kisukari. Nikamweleza kwamba hapo mtu bado anaweza kurudi nyuma. Alilia kidogo, kisha akauliza aanzie wapi. Tukaanza na kuacha soda, kupunguza bonge la ugali, kuongeza mboga, na kutembea. Bibi ndiye aliyekuwa askari wa sufuria nyumbani kwao. Kipimo cha mwaka uliofuata, Kabula alikuwa amerudi kwenye kawaida.

Na kivukoni? Baada ya kumwona Bibi akipimwa, yule dereva mcheshi alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Boksi liliisha, na Mganga Mfawidhi akaleta jingine kwa mkono wake.

Sasa nimestaafu, naishi Butimba. Daraja limejengwa, foleni ile haipo tena, magari yanapita tu. Vijana mliobaki kazini itabidi mtafute watu wanakokaa: stendi ya Nyegezi, msikitini, kanisani, kwenye vikoba vya kuweka na kukopa. Msingoje kiu iwalete.

Mkiniuliza kama kazi ilinilipa, nitawasimulia siku yangu ya mwisho. Wenzangu walikuwa wameandaa sherehe, chakula kiko mezani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Milembe, nyuma yake Kabula na majirani wamejaa hadi uani.

"Hawa wote hawajanywa chai," alisema. "Wapime kwanza, ndiyo uage."

Nikavaa koti langu la maabara.