Siku Parti Yetu ya Vumbi Ilimwanga Mawese Beni

Ata leo nikipita muji ya Beni nafunika kichwa na kitambaa sawa mutu mwenye kukimbia mvua, na jua inawaka, juu kuko bamama pale benye bananijua sura. Jina langu ni Masika, nashona marobo, zile gauni ya arusi, hapa Butembo, na kuko mwaka moja nilikuwa porte-parole, musemaji ya parti politique, chama ya siasa. Mucheke kwanza, kiisha tuendelee.

Parti yetu ilikuwa na jambo moja: vumbi. Hapana vita, hapana franka, hapana katiba, vumbi tu. Papa Kambale, mwenye kuuzisha vitenge pembeni ya atelier yangu ya kushonea, alichoka kupanguza vitenge kila asubuhi, njo siku moja akasimama mu mulango yangu akasema, "Masika, batu ya hii muji tunakula vumbi kuliko bugali, na hakuna ata député moja mu bunge mwenye kuitaja." Mimi mwenye kushona robo nyeupe na kuitoa ikiwa rangi ya chai ya maziwa, niliitika mbio. Tukaanzisha parti, tukaiita Vumbi Basi. Na ilishika, bandugu, ilishika sawa moto mu nyasi kavu: bamotari (bale ba pikipiki ya kubeba batu, macho mekundu tangu asubuhi) bakajiunga, bauzishaji ya mikate bakajiunga, bamama ya korali bakatutungia wimbo. Siku Papa Kambale alipeleka jina yake kugombea udéputé, mimi nilisha kuchagua kitenge ya kuvaa siku nitafanywa ministre.

Tukaamua kufungua bureau, ofisi ya parti, Beni, na kuonyesha batu kazi kwa macho: kamyo ya citerne, lori yenye tangi, ipite mbele ya miting ikimwanga maji, kila mutu aone vumbi inalala. Lakini citerne ya maji yenyewe ilikuwa na kazi mpaka juma yenye kufuata. Kasereka, shofere wetu, alipata ingine yenye ilikuwa inabeba mafuta ya mawese.

"Niliiosha," akasema, "lakini na maji ya baridi tu. Tungoje ile ingine, mama."

Na mimi, porte-parole, nikajibu, "Mawese ni chakula, haiko sumu. Twende."

Asubuhi tulijaribu hapa Butembo, mu baridi yetu ya mulima, na maji ikatoka safi kabisa, Papa Kambale akapiga mikono. Hakuna mwenye aliwaza kama mawese iliganda ndani ya citerne, kandokando yote, inangoja tu joto. Na joto ya Beni, kule chini, munaijua.

Tulifika saa ya jua kali. Batu balijaa pande mbili ya barabara, fanfare ya ngoma na tarumbeta inapiga, mimi niko juu ya kamyo na megafoni, roho inaruka sawa ya mutoto siku ya Noeli, nasema, "Bandugu ya Beni, vumbi inakufa leo." Kasereka akafungua. Kwanza ikatoka maji, vumbi ikalala kweli, vigelegele vikapanda, na mimi nikagonga juu ya cabine aongeze (nani alinituma). Akaongeza. Maji ikageuka manjano, kiisha nyekundu, na harufu ya jikoni ikajaa barabara yote. Pikipiki ya kwanza ikateleza polepole, motari akaikala chini angali anakamata usukani, ya pili ikamufuata, kiisha fanfare, mwenye ngoma kubwa mbele, bakaanguka bote mustari moja. Hakuna mwenye aliumia, Mungu asifiwe, ni haya tu. Mama moja akaita, "Sasa mutuletee na majani ya sombe tupike."

Njo cortège, musafara ya arusi, ikatokea mu kona. Motokari ya bibi-arusi ikakamata breki, ikateleza, ikaingiza gurudumu mu mufereji. Mulango ikafunguka, na kabla sura itoke niliona ile dentelle, lesi ya robo: nilishona mimi mwenyewe. Ilikuwa Kanyere, muteja wangu. Robo ikagusa chini, na mawese ikapanda mpaka magoti.

Mama yake akainua macho. "Masika, ni weye?"

"Mama, munisamehe," nikasema, "ni mimi nilisema twende." Na megafoni ilikuwa ingali inawaka. Beni yote ilisikia.

Kanyere aliangalia robo, akaangalia kanisa kule mbele, akavua viatu. "Nitaolewa vile niko," akasema. Nilishuka ku kamyo nikamubebea mukia ya robo mpaka ku kanisa, tunateleza wawili, ananikamata, namukamata, na ku mulango yeye njo alianza kucheka. Mimi nililia.

Mangaribi tulikuwa tunaitwa Parti ya Mawese. Bamotari bakageuza mashati ya parti kuwa vitambaa ya kupanguza pikipiki, korali ikarudia nyimbo za Mungu, Papa Kambale akatoa jina yake mu uchaguzi, na parti ikakufa bila matanga. Kanyere nilimushonea robo ingine ya picha.

Kiisha miezi kupita, bamama watatu batoka Beni bakaingia mu atelier. Nikajua ni fimbo. Mukubwa yao akasema, "Mama Masika, ile mawese ilikamata vumbi muzuri sana. Kwetu ata meza hatukupanguza. Sasa imeisha. Parti yenu inarudi siku gani?"

Papa Kambale alikuwa mu mulango, nikaona macho yake inaanza kung'aa. Nikamukamata mukono kabla afungue kinywa, nikabaambia bamama pole, parti haiko. Na tangu pale niliapa: mutu akitaja neno parti mu atelier yangu, namurudishia nguo yake ata kama ingali na mukono moja.