Aliyemwambia Kidoti

Mama Pasi hakuwa mtu wa kupendeka, na wala hakujisumbua kupendeka. Kwa miaka kumi na moja alipiga pasi kwenye duka la dobi, akisimama kutwa mbele ya meza iliyotandikwa blanketi la kijivu, mvuke ukimpanda usoni. Mteja akilalamika kwamba shati lake limepata doa pale dukani, Mama Pasi alilitandaza mbele ya watu wote, akalisogeza mwangani na kuuliza, "Hili si la mchuzi wako wa wiki iliyopita?" Hilo jina la Mama alipewa na wafanyakazi wenzake kwa utani. Mtoto hakuwa naye.

Alipokuwa na miaka thelathini na minane akachumbiwa na dereva wa malori ya masafa marefu, mgane mwenye binti wa miaka saba. Binti huyo alikuwa na alama nyeusi shavuni kama nukta ya kalamu, ndiyo maana kila mtu alimwita Kidoti. Siku chache kabla ya Mama Pasi kuhamia, dada wa dereva alimfuata dukani, akamvuta pembeni nyuma ya matenga ya mashuka.

"Wifi, kuna jambo moja lazima ulijue," alisema. "Mtoto hajui kwamba mama yake alifariki."

"Hajui vipi? Si ni miaka miwili sasa?"

"Alifia kwenye uzazi, pamoja na kichanga. Kidoti tulikuwa tumempeleka kwa bibi yake. Aliporudi tukamwambia mama amesafiri kikazi. Tumeona ni heri hivyo. Ukimwambia utamharibu, na mimi na wewe tutakuwa hatujuani."

"Na huko kikazi atakaa mpaka lini?"

"Hilo halikuhusu."

Siku nyingine yoyote Mama Pasi angejibu. Lakini alikuwa amechoka kuishi peke yake kwenye chumba kimoja, na ile ndoa aliitaka. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pasi yake.

Basi akaingia kwenye nyumba ile, na vita vikaanza siku ya kwanza. Kidoti hakumwita mama, wala kumwita kwa jina lolote. Alimwita "wewe." Alitoa nguo za Mama Pasi kabatini akazirundika mlangoni. Alimtilia chumvi kwenye chai. Alijaza maji kwenye viatu vyake vya kazini, vile vyenye soli nene, asubuhi ya siku ya wateja wengi. Akimkuta ameketi kitandani chumbani kwa baba yake, alisimama mlangoni na kumkodolea macho bila kupepesa mpaka anyanyuke.

Mama Pasi naye hakuwa malaika. Baada ya viatu vile alimnunia mtoto wiki tatu nzima. Dereva akiwa safarini, watu wawili waliishi humo ndani bila kuambiana neno, na kama kulikuwa na la lazima, Mama Pasi aliuambia ukuta: "Aliyemwaga maji koridoni ayafute." Mtoto alifuta, kisha akamwaga mengine.

Kila baada ya miezi miwili hivi wifi alikuja na mfuko wa zawadi. "Mama yako katuma," alisema, akitoa viatu vipya au soksi za shule, na kila mara vilimkaa sawasawa. Kidoti alivivaa papo hapo, akaenda kusimama mbele ya Mama Pasi.

"Umeona? Mama anarudi. Akirudi utatoka."

Siku moja maneno yalimfika Mama Pasi mdomoni. Alikuwa amerudi kazini na miguu imevimba, na mtoto amemfungia mlango kwa ndani karibu saa nzima. Hatimaye mlango ulipofunguliwa alitaka kumwambia kwa ukali, ili amuumize: harudi, amekufa. Aliliona neno lenyewe likitaka kutoka. Akaingia jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke mpaka hasira ikashuka. Hakujipongeza. Alijua fika kwamba alinyamaza kwa kuwaogopa wakwe, wala si kwa huruma.

Mwaka mmoja baadaye aliitwa shuleni. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa msichana mdogo mwenye chaki kwenye mikono ya sweta. Mama Pasi hakuketi.

"Kama kamng'ata mtu tena mpeni adhabu," alisema. "Mimi nina mashuka ya hoteli yananisubiri."

"Sikukuita kwa sababu ya kung'ata, mama." Mwalimu alivuta droo, akatoa mfuko wa plastiki, akaufungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na gauni lililokunjwa, mswaki, kitana na picha aliyochora Kidoti ya watu wawili wameshikana mikono. "Kila Ijumaa anakuja na mfuko huu. Wenzake wakitoka, yeye anakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi amwondoe. Anasema mama yake anakuja kumchukua. Ijumaa iliyopita alijikojolea palepale kwenye ngazi. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda chooni, akaniambia mama angekuja asimkute."

Mama Pasi akavuta kiti. Ijumaa zote hizo alimgombeza mtoto kwa kuchelewa, akidhani amekaa kucheza.

"Mama yake yuko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Alishakufa."

"Mtoto anajua?"

"Nimekatazwa kumwambia."

"Umekatazwa!" Mwalimu akaweka kalamu chini. "Na ninyi watu wazima wote mnapata usingizi?"

"Usinipandishie sauti. Mimi si mwanafunzi wako."

"Basi sikiliza kama mtu mzima. Mtoto huyu hasomi wala hachezi na wenzake, kazi yake ni kusubiri. Mwambieni, na mmwambie waziwazi: amekufa. Msiseme amelala, msiseme yuko mahali pazuri, atauliza basi la kwenda huko. Mkishamwambia, msiondoke. Kaeni naye. Akiuliza, jibuni. Kesho akiuliza lilelile, jibuni tena. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye nyumbani, mama, na hana hata mmoja."

Mama Pasi alichukua ule mfuko, akatoka bila kuaga. Njia nzima alimtukana yule mwalimu kimoyomoyo: umri wake mdogo, sweta lake, maneno yake ya vitabuni. Alipofika dukani alichoma foronya mbili kwa pasi, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

Jioni alimpigia mumewe simu. Dereva alisikiliza, injini ikinguruma nyuma yake.

"Usiguse jambo hilo," alisema. "Nakuja Jumapili."

Jumapili alikuja, na aliyemtangulia kufika ni wifi, na gauni jipya la maua kwenye karatasi ya dukani. Walikaa sebuleni wote wanne. Hakuna aliyegusa chai. Kidoti alifungua karatasi, akalinusa lile gauni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ni Ijumaa gani? Ulisema Ijumaa."

"Ukifanya vizuri darasani," wifi alijibu upesi. "Ijumaa mojawapo."

"Kumbe ni wewe!" Mama Pasi akasimama. "Mwambie mtoto hilo gauni limetoka wapi."

"Wifi, koma."

"Duka gani? Sema tusikie!"

"Mke wangu, nyamaza," dereva alisema.

"Nimenyamaza mwaka mzima. Mtoto wako anajikojolea kwenye ngazi za shule akimsubiri marehemu. Basi mwambie wewe. Wewe ndiye baba yake."

Dereva alimgeukia binti yake. Akafungua mdomo, akasema, "Mama yako..." Hapo ndipo alipoishia. Aliinuka akaenda dirishani, akawapa mgongo.

Mama Pasi akapiga magoti mbele ya mtoto. Hakuwa na sauti ya upole, alikuwa na ileile ya siku zote, na ndiyo aliyoitumia.

"Kidoti, nisikilize. Mama yako alikufa. Alikufa hospitali, siku ya kujifungua, na mtoto mchanga alikufa pia. Hatarudi Ijumaa. Hatarudi siku yoyote. Hukukosea chochote. Angekuwa hai angeshakuja zamani."

Kidoti akamzaba kofi. Mama Pasi hakurudi nyuma. Mtoto akamgeukia shangazi yake. "Viatu alituma nani?" Shangazi akaanza kulia. "Baba, viatu alituma nani?"

"Shangazi yako alinunua," dereva alisema bila kugeuka.

Ukelele uliomtoka mtoto uliwatoa majirani koridoni. Baba yake alipokuja kumkumbatia alimng'ata mkono mpaka akaacha alama za meno, kisha akajipenyeza chini ya meza, akajikunja huko.

"Mchawi mkubwa wewe," wifi alimwambia Mama Pasi, akikusanya mkoba wake. "Umemuua mtoto wa ndugu yangu." Mlango ukabamizwa.

"Umefurahi sasa?" dereva aliuliza.

"Hapana."

Akachukua funguo, akaenda kujifungia ndani ya lori lake.

Mama Pasi alibaki. Kila kiungo chake kilitaka kutoka nje, lakini alikumbuka lile neno la mwalimu, msiondoke. Akakaa sakafuni kando ya meza, mgongo ukutani. Mguu mmoja ukafa ganzi, kisha wa pili. Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa chumba aliposikia sauti chini ya meza.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja hapa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikatazwa. Na niliogopa. Na kusema kweli ulikuwa umenichosha, sikutaka hata kuzungumza na wewe."

"Mimi sikupendi," mtoto alisema.

"Najua."

"Mama alilia?"

"Sijui. Mimi sikuwepo. Baba yako alikuwepo, na atakwambia. Nitahakikisha anakwambia."

Watu wanaosimulia habari hii husema baada ya hapo nyumba ikawa na amani. Haikuwa hivyo. Kidoti alikojoa kitandani wiki sita mfululizo. Aling'ata wenzake wawili shuleni. Viatu vyote alivyoletewa alivikata kwa mkasi, na kwa siku kadhaa akaenda shule na kandambili. Upande wa mume ulimtenga Mama Pasi kabisa. Mama mkwe aliacha kupokea simu yake, na kwenye kikao cha familia Mama Pasi alisimama tangu mwanzo hadi mwisho kwa kuwa hakuna aliyemsogezea kiti.

Lakini mtoto alianza kuuliza. Alitoka shule, akaja moja kwa moja kwenye duka la dobi, akapanda juu ya tenga la mashuka, na kutoka huko alirusha maswali kama mtu anayerusha mawe.

"Nani alimwosha?"

"Shangazi yako na majirani."

"Maji ya moto au ya baridi?"

"Sijui. Nitauliza."

"Huko chini anasikia baridi?"

"Hapana. Mtu akifa mwili hausikii tena, si baridi wala maumivu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Wateja walitumbua macho. Mwenye duka alisema mazungumzo haya yanafukuza watu. Mama Pasi alimjibu kwamba akipata mtu mwingine wa kunyoosha suti zake amwambie. Aliendelea kugeuza kola na kukandamiza mikunjo, macho kwenye kitambaa, na labda hiyo ndiyo iliyomsaidia mtoto, kwamba hakuna aliyekuwa akimkazia macho. Wakati mwingine waligombana katikati ya swali. Wakati mwingine aliuliza lilelile mara nne kwa juma, na Mama Pasi, roho ikimtoka kwa uchovu, alijibu mara nne.

Maswali asiyoyaweza aliyaandika nyuma ya risiti. Dereva akipiga simu, hakusalimiwa. "Sikiliza," Mama Pasi alimwambia, "jibu swali la kwanza mpaka la mwisho," na simu akampa mtoto pamoja na risiti. Mara mbili dereva alikata. Mara ya tatu aliegesha lori kando ya barabara, akaeleza. Alisema mama yake Kidoti hakulia. Aliomba maji, akamcheka mumewe kwa kuvaa soksi zisizofanana, akasema Kidoti akirudi kutoka kwa bibi yake asukwe nywele. Halafu mwanaume huyo alilia kwenye simu, na binti yake akamsikiliza mpaka mwisho akiwa juu ya tenga.

Mume na mke hawakuwahi kukubaliana. "Ungeweza kungoja," mume hurudia hadi leo.

"Kungoja nini?" mke humuuliza, na ugomvi huanza upya.

Mtoto aliomba kupelekwa kaburini. Walikwenda watatu. Walipokaribia, Kidoti aligeuka akamwambia Mama Pasi, "Wewe baki hapo." Akabaki kwenye jua, akiwatazama baba na binti waking'oa majani. Alikasirika. Aliona kwamba kwa yote aliyobeba alistahili angalau kusogea hatua kumi mbele. Hakusogea.

Muhula uliofuata mwanafunzi mgeni alihamia darasani kwa Kidoti. Mama Pasi alikuwa amekwenda kuchukua ripoti, naye mgeni akamuuliza Kidoti kama yule ndiye mama yake.

"Mama yangu alikufa," Kidoti alisema. "Huyu ni mke wa baba. Ana mdomo mbaya, lakini ukimuuliza kitu anakwambia."

"Nani ana mdomo mbaya?" Mama Pasi aliuliza walipofika nje, na wakabishana juu ya hilo mpaka nyumbani.