Akaunti ya Majina Mawili

Fundi aliyenishonea kanzu zangu zote tangu nilipooa amefariki, na habari za kifo chake zilinifikia benki, nikiwa na fomu ya kufungia akaunti mkononi. Mwanawe mkubwa alinipigia simu. Hakusema maneno mengi: baba katutoka asubuhi hii, maziko baada ya Alasiri. Niliikunja fomu nikaitia mfukoni, nikamwambia binti wa dirishani kwamba nitarudi. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku ile nilitoka pale nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Mlandege hapa mjini, chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi. Kanzu akiipima mara mbili, na ukimwambia una haraka, ataipima mara ya tatu. Jambo moja lililotuchekesha sote ni kwamba hakuwahi kusema "nimeshona." Siku zote alisema "tumeshona," "tutakata," "tumechelewa." Vijana walikuwa wakichungulia nyuma ya pazia na kumuuliza, "Kwani mpo wangapi humu, Fundi?" Naye hujibu, "Wawili," na kuendelea na kazi. Wa pili alikuwa mkewe, aliyekaa nyumbani kwao Mpendae akitia darizi za shingoni kwa mkono. Kwa kweli darizi zile ndizo zilizotupeleka pale, kwa sababu kanzu iliyonyooka inashonwa na wengi, ila shingo kama ile hukuipata kwingine mjini.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu, maana tuligombana kwa miaka, kirafiki, juu ya jambo moja tu. Fundi alikuwa na akaunti ya hundi. Mimi pia ninayo, niliyoifungua zamani nilipokuwa na kiduka cha kuchapisha kadi za harusi. Kila mwezi benki inakata chake, uitumie usiitumie, na akaunti yenyewe haikuzalii kitu. Siku moja nilikwenda dukani kwake na kalamu na karatasi, nikamwonesha kinachomtoka kwa mwaka. Nikamwambia watu wote siku hizi wanalipana kwa simu, hundi yenyewe nani anaipokea? Nilidhani anang'ang'ania kwa kuogopa riba ya akaunti za akiba, kama wazee wetu wengi, basi nikamhubiria na hilo, kwamba siku hizi zipo akaunti za akiba zisizo na riba na masheikh wamezipitisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, uzi mdomoni.

"Nshakusikia," akasema. "Lakini simu ina mwenyewe mmoja."

"Na akaunti je?"

"Akaunti yangu ina wawili. Hata ukiwaambia hawa vijana, hawaamini."

Nilicheka. Niliona ni utani wake uleule wa kusema tumeshona, tumekata. Sikuuliza zaidi, na hilo ni kosa langu, kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekwishanijibu.

Safari nyingine nilikwenda naye Kendwa, kule pwani ya watalii. Hoteli moja ilitaka sare za wafanyakazi wake, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kijana wa ofisi, mwenye adabu zake, alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamwambia, "Mzee, nipe namba ya simu tu, malipo ya mwanzo yanaingia sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Mie nnakupa namba ya akaunti."

"Ya benki itachukua siku, mzee. Na bosi anataka kazi ianze leo."

"Basi kazi itaanza leo na pesa zitakuja siku zake."

Kijana alitoka kwenda kuuliza, na sisi tukabaki tumekaa. Nilimbana Fundi kwa sauti ya chini. Nikamwambia unaiacha kazi kwa ajili ya akaunti? Akaniambia, "Nusu ya kazi hii ni ya mtu ambaye hayupo hapa kujisemea." Kijana alirudi akakubali. Njia nzima ya kurudi mjini nilimwita mkaidi, naye alikuwa akitafuna karanga.

Siku tatu baada ya maziko hitima ilisomwa, na baada ya hapo familia ilikaa kuzungumza mirathi. Niliitwa kama rafiki wa marehemu na shahidi wa kikao. Fundi aliacha watoto wakubwa wa mke wa kwanza, aliyekufa zamani, na watoto wa huyu mke aliye edani sasa, anayekaa ndani kwa kufiwa. Si watu wabaya hata mmoja. Lakini sheria ya mirathi iko wazi: mume akifa ameacha watoto, mke hupata thumuni, sehemu moja katika nane. Kila kilichokuwa cha marehemu kinaingia kwenye hesabu, na kinachoitwa cha marehemu ni kile chenye jina lake. Nilipokuwa nimekaa pale ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile ya sindano na uzi, macho ya mwanamke yule yaliyofifia kwa darizi, yangeweza kugeuka mali ya mumewe kwa mara moja, akarudishiwa thumuni na watu wakamwambia ashukuru.

Haikuwa hivyo. Kaka wa mjane alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya ushirika, mume na mke, nusu kwa nusu, yenye saini na mashahidi, na taarifa ya akaunti ya hundi yenye majina mawili. Kwenye simu ya Fundi mlikuwa na vijisenti vya kununulia mkate. Mtoto mkubwa, yuleyule aliyenipigia simu, alizisoma karatasi, akampa mdogo wake, kisha akasema, "Nusu hii ni ya mama. Haimo katika mirathi. Tuendelee na iliyobaki." Hakuna aliyebisha. Nimeona ndugu wakikatana maneno kwa sababu ya kitanda na kabati, na hawa walimaliza kabla ya Magharibi na wakala pamoja.

Ninalisema hili kwa sauti kwa sababu dini yetu haina kosa hapa. Sheria imempa mke mali yake tangu zamani, na mume hana haki ya kuigusa bila ya ridhaa yake. Kosa ni letu sisi waume wa mji huu. Wake zetu wanashona kofia, wanakaanga, wanapika achari, wanafuma, na pesa zinapita kwenye simu zetu na akaunti zetu kwa sababu eti wao hawapendi foleni. Tunawaita wasaidizi. Hatuandiki. Halafu tunakufa, na karatasi zinasema kwamba tulifanya kazi peke yetu.

Mwenzangu, mama wa nyumba yangu, alikwenda kumtazama mjane, maana mimi sina ruhusa ya kumwona akiwa edani. Alirudi jioni. Baada ya chai nikamuuliza anaendeleaje.

"Kanambia kila mwisho wa mwaka Fundi alikuwa akimletea karatasi ya benki, wanaisoma pamoja, hata iwe hamna kitu. Na kanambia kimemchosha kimoja. Watu wanakuja kumpa pole wanasema, alhamdulillahi, mumeo kakuachia. Anasema, hakuniachia. Vilikuwa vyangu."

Nikasema Mungu amrehemu, alikuwa mtu.  Mwenzangu alikuwa akipanga vileja kwenye bati, vibiskuti vyake ambavyo kila wiki vinakwenda kwenye maduka mawili ya Mlandege, na malipo yake, mpenzi msomaji, yanaingia kwenye akaunti yangu ya hundi. Ile niliyokuwa nikitaka kuifunga ili pesa zote zihamie kwenye simu yangu.

"Na pesa za vileja hivi," akauliza, "zimeandikwa jina la nani?"

Nikaitoa ile fomu ya benki, nikaiweka mezani kando ya bati.

Asubuhi yake tulikwenda wote wawili. Binti wa dirishani alinikumbuka. "Mzee, umekuja kuifunga?" Naam, nikamwambia, na kufungua nyingine, ya majina mawili. Akaanza kunieleza makato, kama nilivyomweleza Fundi mimi, na akaniuliza kama kweli inanifaa kwa matumizi yangu. Ni swali zuri, na kila mwenye akaunti ajiulize. Ila anapopiga hesabu ya kinachomtoka, atazame pia ni jina la nani limo na ni la nani lilipaswa kuwamo. Yangu ya zamani haikufaa kuwekwa, na kwa sababu hiyo hasa, si kwa makato.

Mwenzangu aliandika jina lake pole pole, lote, mpaka la babu yake. Tulipotoka nje alinishika mkono, jambo ambalo hatulifanyi barabarani.

"Makato yake," akasema, "nusu nnalipa mimi."